Mdomo Kwanza, Sikio Baadaye: Sauti kwenye Kamera za Duka la Ziwani

Kamera si kitu kigeni tena katika maduka ya Ziwani, Nairobi. Simama mbele ya grili ya duka la rejareja karibu na barabara ya General Waruinge, au ingia katikati ya zile nyumba za mawe ambazo baraza la manispaa lilizijenga miaka ya 1940, utaiona juu ya rafu ya sabuni, imeelekezwa kwenye droo ya pesa. Mwenye duka anaitazama kwenye simu akiwa mbali. Anachokosa ni njia ya kusema neno. Anamwona mtu wa mkate akishusha kreti pungufu, anampigia kijana wa duka, kijana ana wateja watatu na simu iko chini ya gazeti. Ikipokelewa, gari limeshakata kona.

Dawa ya hilo ni sauti ya pande mbili: mwenye duka azungumze kupitia mfumo uleule wa kamera, na asikie anayejibu. Wengi wanadhani lazima wanunue kamera mpya. Mara nyingi si lazima. Tuchukue duka la mfano: chumba kimoja cha mawe, grili mbele, kamera nne za analogi, DVR (kinasa picha cha kamera) ya njia nne, intaneti ya faiba, na mama mwenye duka ambaye asubuhi yuko Nyamakima au Gikomba akitafuta stoki. Nitaonyesha fundi anachofanya hatua kwa hatua, na mahali ambapo kazi hii huharibika. Tangu mwanzo niseme msimamo wangu: mdomo wa mfumo huu una faida kubwa kuliko sikio lake, na ndio unaofaa kuwekwa kwanza.

Geuza DVR uitazame mgongoni. Kando ya matundu ya kamera, modeli nyingi za bei nafuu zina matundu mawili madogo ya RCA, moja la kuingiza sauti na jingine la kuitoa. Katika maduka mengi matundu hayo yamekaa wazi tangu siku DVR iliponunuliwa Luthuli Avenue. Ukifungua programu ya simu na kubonyeza alama ya maiki, sauti yako husafiri hadi DVR na kutokea kwenye tundu la kutoa. Kazi yote ya kielektroniki imeshafanywa na mtengenezaji. Fundi anachoongeza ni vitu vya pembeni, na hapo ndipo tofauti ya kazi safi na kazi ya kubahatisha huonekana.

Kosa la kwanza ni kuchomeka spika tupu moja kwa moja kwenye tundu hilo. Itanong'ona tu. Tundu la kutoa sauti limeundwa kupeleka mawimbi madogo kwa kifaa kingine, halina nguvu ya kusukuma spika ya omu 8. Katikati panahitajika amplifaya. Kwa duka la chumba kimoja, amplifaya ndogo ya volti 12 ya wati 10 au 20 inatosha, tena inabaki. Wengine hutumia spika za kompyuta zenye amplifaya ndani yake, na hakuna ubaya, mradi kitufe cha sauti kifungwe kwa utepe baada ya kupimwa. Kijana wa duka akikipunguza ili asikilize redio yake, mama atakuwa anahubiria ukuta.

Spika huwekwa wapi? Mafundi wengi huielekeza mlangoni kwa kufikiria mwizi. Mimi ningeielekeza kaunta. Wazo la kamera inayokemea watu lina historia yake. Mji wa Middlesbrough nchini Uingereza uliweka spika kwenye kamera za barabarani mwaka 2006, watu wakawa wanaambiwa waokote takataka walizotupa, na mwaka uliofuata serikali ikatangaza kulipeleka jambo hilo katika maeneo mengine. Yale yalikuwa ya serikali na mtaa mzima. Dukani, mwizi anayeingia usiku hashughulishwi sana na sauti ya mwanamke kutoka darini, lakini mtu wa maziwa, mteja anayedai chenji na kijana asiyejua bei mpya ya unga hushughulishwa nayo mara kumi kwa siku. Sauti katika duka ni chombo cha kazi kwanza, ulinzi baadaye.

Mfano mmoja unatosha. Mteja anaonyesha ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake na anataka kuondoka na katoni ya mafuta. Ujumbe wa kughushi ni ujanja wa siku nyingi, na simu inayopokea taarifa za till iko mkononi mwa mama, Nyamakima. Kijana anauliza kwa sauti, "Mathe, hii imeingia?" Juu ya rafu panajibiwa, "Bado, mwambie angoje kidogo." Aliyelipa kweli atangoja. Asiyelipa hukumbuka kuna mahali anapotakiwa kuwa. Hapo kamera peke yake isingesaidia chochote.

Tuje kwenye sikio. Maiki ya kamera za ulinzi ni kidude kidogo chenye waya tatu: mmoja wa umeme wa volti 12, mmoja wa sauti, mmoja wa ardhi. Ndani yake mna saketi ya kukuza sauti, kwa sababu tundu la kuingiza la DVR linahitaji mawimbi yaliyokwisha kukuzwa. Ukichomeka maiki ya kawaida ya karaoke utasikia mvumo wa bahari.

Kuiwekea maiki hiyo umeme ndiko kunakowachosha mafundi. Njia ya mkato ni kuuchukua kutoka kwenye adapta ileile ya kamera. Mchana hakuna tatizo. Giza likiingia, taa za infraredi za kamera huwaka, adapta inalemewa, na maiki inaanza kutoa mkwaruzo ambao mchana haukuwapo. Fundi huitwa asubuhi, anapima, anakuta kila kitu sawa, anaondoka. Tiba ni adapta ya pekee kwa maiki, kifaa cha mia chache za shilingi.

Mngurumo mzito usiokoma una chanzo kingine. Stima yetu ni volti 240 na hujirudia mara 50 kwa sekunde. Waya wa sauti uliolazwa ubavuni mwa waya wa stima ndani ya trankingi moja huokota mdundo huo. Waya wa sauti uwe wenye kinga ya nyavu, upite njia yake, na pale lazima zivukane, zivukane kwa pembe mraba. Mngurumo ukibaki baada ya hapo, yaelekea amplifaya na DVR zimeunganishwa na ardhi kwa njia mbili tofauti, na mkondo mdogo unazunguka kati yake. Transfoma ndogo ya kutenga sauti, inayoingizwa katikati ya waya wa RCA, huumaliza. Wapo wanaokata pini ya ardhi kwenye plagi ili mngurumo uishe. Utaisha kweli, na siku kifaa kitakapovuja stima, atakayekigusa ndiye atakuwa ardhi. Fundi anayefanya hivyo asilipwe.

Halafu Ziwani yenyewe ina kelele. Mafundi wa jua kali wanaogonga bodi za magari hawangoji mtu amalize mazungumzo, na matatu za kuelekea mjini hazinyamazi. Maiki iliyofungwa kwenye grili, karibu na mteja, itasikia barabara kuliko mteja. Ni afadhali iwe ndani, juu ya kaunta, kama mita moja kutoka kichwani mwa kijana, mgongo wake ukiwa barabarani. Bidhaa zenyewe husaidia: mabunda ya unga na marobota ya tishu humeza mwangwi ambao ukuta mtupu wa mawe na paa hurudisha. Ndiyo maana kipimo kilichofanywa duka likiwa tupu hudanganya. Sauti ipimwe baada ya stoki kupangwa.

Sasa mtego mkubwa, ule unaomfanya mwenye duka aamini ameuziwa kifaa kibovu. Mfumo umefungwa vizuri, spika na maiki ni vizima, lakini mara tu DVR inapowaka duka linajaa mlio mkali unaopanda hadi watu wazibe masikio. Mama hata hajafungua simu. Kumetokea nini? Tundu la kutoa sauti lina kazi mbili. Linatoa sauti ya mwenye duka akizungumza, na pia linatoa sauti ya njia inayotazamwa kwenye skrini iliyopo dukani. Skrini ikiwa imewashwa sauti, kinachosikika na maiki hutokea kwenye spika, maiki inakisikia tena, kinatokea tena kikiwa kikubwa zaidi, na mzunguko hauna mwisho. Hapahitajiki kifaa kipya. Fundi anaingia kwenye mipangilio ya skrini, anazima sauti ya njia zote, na duka linatulia.

Mlio ukitokea wakati wa mazungumzo tu, umbali ndio tatizo. Mahali palipo wazi sauti hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili, lakini chumba kidogo hakiko wazi, kwa hiyo usitegemee hesabu hiyo peke yake. Spika iwe pembe moja, maiki pembe nyingine, na zisitazamane. Ukiwa ndani ya duka lenyewe usijaribu mfumo kwa simu iliyo mkononi, maana maiki ya simu nayo itaisikia spika. Toka nje hadi Quarry Road ndipo ujaribu.

Programu nyingi hukupa uchaguzi: kubonyeza ili kuzungumza na kuachia ili kusikiliza, au kuzungumza kwa pamoja kama simu. Kwa duka chagua ya kwanza. Mwangwi hauwezi kuanza ikiwa upande mmoja umefungwa kila wakati. Sababu ya pili ni ucheleweshaji. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja ili mazungumzo yawe ya starehe, na huiona milisekunde 400 kuwa ukomo. Sauti inayopitia DVR na seva ya mbali inaweza kuchelewa sekunde nzima. Watu wawili wakizungumza kwa uhuru na pengo hilo katikati watakatizana hadi wakasirikiane. Askari na walinzi wenye redio za mkononi walishapata jibu: sema, maliza, achia. Kijana wa duka hulijua baada ya siku moja.

Kuhusu intaneti, watu huogopa bila sababu. Sauti hizi mara nyingi hufungwa kwa mtindo wa G.711, kiwango cha simu kilichoidhinishwa mwaka 1972, chenye kilobiti 64 kwa sekunde. Ukiongeza vichwa vya pakiti inafika karibu 80, yaani megabaiti 36 kwa saa nzima ya kusema bila kupumua. Picha ndiyo inayokula bando: hata ile picha ndogo ya kilobiti 512 hutumia megabaiti 230 kwa saa. Anayetaka kubana matumizi azungumze picha ikiwa ndogo. Ubaya wa G.711 ni ubora wa simu ya zamani. Herufi s na f hufanana, kwa hiyo bei itajwe yote, "mia na hamsini", pasiwe na mkato.

Njia ya sauti kufika dukani ndiyo inayoleta maamuzi mabaya. Zamani fundi alifungua mlango kwenye rauta ili simu iifikie DVR moja kwa moja. Siku hizi anwani za intaneti hazitoshi, na kampuni huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, hasa kwenye mitandao ya simu, kwa hiyo mlango huo mara nyingi haufunguki hata ukitaka. DVR hutumia njia nyingine: yenyewe huita seva ya mtengenezaji na kubaki imeunganishwa nayo, simu nayo huita seva hiyohiyo, wawili wakakutanishwa. Ikiwezekana hupewa njia ya moja kwa moja, isipowezekana sauti yote hupita sevani. Hapo ndipo ucheleweshaji huongezeka.

Mlango usiofunguka ni heri iliyojificha. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilizunguka duniani kikitafuta DVR, kamera na rauta zilizo wazi, kikijaribu orodha ya nywila zipatazo 60 za kiwandani. Vifaa kilivyoviteka vilitumiwa kushambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, tarehe 21 Oktoba mwaka huo, na tovuti nyingi kubwa zikawa hazifikiki Marekani. Zilikuwa kamera za maduka na nyumba za watu wasiojua lolote. Kwa hiyo mlango usifunguliwe, kitufe cha UPnP kwenye rauta, ambacho huruhusu vifaa kujifungulia mlango, kizimwe, nywila ya kiwandani ifutwe, na programu ya DVR isasishwe.

Ukiongeza mdomo, hatari hubadilika sura. Desemba 2019, katika jimbo la Mississippi, mtu asiyejulikana aliingia kwenye kamera ya nyumbani ya kampuni ya Ring iliyokuwa chumbani kwa msichana wa miaka minane, akaanza kuzungumza naye. Kamera isiyo na spika humwachia mvamizi kutazama tu. Yenye spika humpa sauti ya mwenye nyumba. Fikiria sauti hiyo ikimwambia kijana wa duka ampe mtu fulani katoni tatu, mama atalipa jioni. Mama na kijana wakubaliane tangu mwanzo kwamba hakuna mali wala pesa inayotoka kwa amri ya spika peke yake. Spika inazuia, haitoi.

Stima ikipotea yote haya ni bure, na hupotea, kwa tokeni kuisha au kwa gridi nzima kuanguka kama usiku wa tarehe 25 Agosti 2023. DVR, kamera nne, rauta na amplifaya hutumia karibu wati 45 kwa pamoja. Betri ya volti 12 na saa-ampea 7 ina wati-saa 84 kwenye karatasi. Ukitoa hasara na usipoimaliza kabisa, utapata saa moja au pungufu. Kwa fedha kidogo, iwekee betri rauta, DVR na kamera moja ya kaunta, mengine yazimike.

Sasa sheria, ambayo mafundi wengi huiruka. Sheria ya Ulinzi wa Data ilianza kutumika Kenya Novemba 2019, ikijengwa juu ya kifungu cha 31 cha Katiba kinacholinda faragha. Kanuni za usajili za mwaka 2021 huwasamehe wafanyabiashara wadogo wenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi, lakini hazimsamehe anayeendesha kamera za ulinzi. Hiyo imo kwenye orodha ya shughuli zinazolazimu usajili kwa Kamishna wa Data bila kujali ukubwa wa biashara. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Mwaka 2023 Kamishna aliitoza klabu ya Casa Vera Lounge shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Wanaorusha video za wateja kwenye vikundi vya WhatsApp vya mtaa wafikirie hilo.

Sheria inataka uchukue data inayohitajika tu, na uwaambie watu unaichukua. Picha ya mtu akilipa ni jambo moja. Maneno yake ni mengine. Kwenye grili ya duka la Ziwani hununuliwa sukari, lakini pia husemwa nani amelazwa, nani amefukuzwa kazi, mume wa nani hajarudi, nani anaomba deni hadi mwisho wa mwezi. Maiki inayorekodi saa 24 huyahifadhi yote kwenye diski kwa wiki kadhaa, na mwenye duka hana haja nayo hata moja. Kijana wa duka naye ni mtu. Kusikilizwa kutwa nzima na mwajiri humfanya aseme kidogo na aondoke mapema.

Hii ndiyo sababu ya kutanguliza mdomo. Katika DVR nyingi, kurekodi sauti na kuzungumza ni mipangilio miwili tofauti: unaweza kuzima ya kwanza kwa kila njia na ya pili ikabaki hai. Nashauri hivyo hasa. Maiki isikike pale tu mwenye duka anapofungua mazungumzo, diski isihifadhi neno. Wapo watakaosema sauti ingewafaa mahakamani. Yaweza kuwa, ila kielelezo cha kielektroniki huhitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na DVR ambayo saa yake imekosea kwa dakika arobaini hushindwa hata kabla ya sauti kusikilizwa. Rekebisha saa kwanza. Kisha bandika karatasi kwenye grili: kuna kamera, na mwenye duka anaweza kuzungumza na kusikia kupitia spika. Iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka na mtu aliyesimama nje.

Waya zote zipitishwe juu ya ukuta ndani ya trankingi, pasitobolewe mawe. Nyumba ni za kaunti, na mwenye duka ni mpangaji ambaye siku moja ataondoka na vifaa vyake.

Yabaki makabidhiano. Ili amalize haraka, fundi huisajili DVR kwenye akaunti yake mwenyewe, kisha humshirikisha mwenye duka. Kila kitu hufanya kazi, na hakuna anayeona kwamba mmiliki halisi wa kamera, na sasa wa spika, ni fundi. Kabla ya pesa ya mwisho kutoka, mama afungue akaunti kwa namba yake, fundi aiondoe DVR kwake, iongezwe upya kwa kuskani kibandiko chake, na nywila mpya iandikwe na mama mwenyewe fundi akiwa nje ya grili. Baada ya hapo fundi ajaribu kuzungumza kwa simu yake. Spika ikitoa sauti yake, kazi haijakwisha.